Ziara za kambi ya kanisa wakati wa vuli: twende wapi, na tuache nini?

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni katibu wa kamati inayoandaa kambi ya kanisa letu hapa Malindi, itakayofanyika mwezi wa Novemba shule zikiwa zimefungwa. Wageni watafika Jumatano jioni na kuondoka Jumapili baada ya ibada. Wengi wao ni washirika wenzetu kutoka bara: vijana wa sekondari, akina mama wa ushirika, na wazee kadhaa ambao magoti yao hayawaruhusu kutembea sana. Zaidi ya nusu hawajapata kuiona bahari.

Tatizo letu ni ziara. Mchungaji anayekuja na wageni hao ametuandikia kwamba analeta watu wake kusali na kusikia Neno, si kutalii, na kwamba angependa siku zote ziwe za mafundisho tangu asubuhi hadi usiku. Wakati huo huo kijana mmoja wa kamati ametengeneza ratiba ya Jumamosi inayoanza saa kumi na mbili asubuhi: nguzo ya Vasco da Gama, kanisa la Wareno, magofu ya Gede, ufuo wa Watamu, mikoko ya Mida, kisha bonde la Marafa jua linapotua, yote kwa siku moja na kwa basi moja. Vijana wameishangilia ratiba hiyo, na nimesikia wakisema kwamba ziara zikifutwa watajipeleka baharini wenyewe.

Kuna pia mzee wetu mmoja, mtu ninayemheshimu sana, anayeipinga Gede kabisa. Anasema kwamba pale ni misikiti na makaburi, kwamba pana majini, na kwamba Mkristo hana shughuli mahali kama hapo. Mwingine akamjibu kwamba basi twende tukapaombee na kuzikemea roho zilizopo, na tangu siku hiyo kamati imegawanyika. Marafa nayo imeingizwa katika ubishi huo kwa sababu watalii huiita jiko la jehanamu. Mhazini analalamika kwamba viingilio vitamaliza fedha za chakula. Juu ya hayo yote, wazazi wawili watatu wamenipigia simu kuuliza watoto wao watapelekwa wapi hasa na watakuwa na nani. Siwalaumu, kwa kuwa Shakahola, ule msitu ilikofukuliwa miili ya waumini, haiko mbali nasi.

Naomba uniambie kama ziara hizi zibaki au ziondolewe, na kama zitabaki, nimjibu nini mchungaji, na nimjibu nini mzee wetu.

Katibu wa kamati ya kambi, Malindi

*

Marahaba, mwanangu.

Ziara zibaki, lakini ratiba ya kijana wenu isifuatwe. Gawanyeni matembezi katika alasiri tatu, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, kila alasiri mahali pamoja tu, na asubuhi na usiku muuachie mafundisho na sala. Nitakueleza kwa nini, kisha nitakuja kwenye mahali penyewe, maana huko ndiko kwenye kazi.

Mchungaji wenu ana hofu ya haki. Anajua kwamba watu wakishapanda basi la matembezi, mawazo huondoka pamoja nalo, na kwamba ibada ya usiku inayofuata siku ya mahali sita haina mtu aliye macho. Hapo mpeni haki yake. Lakini Novemba yetu ni mwezi ambao pepo za kusi zimekwisha na za kaskazi hazijashika, mvua ya vuli hunyesha na kukatika, na baada ya chakula cha mchana ukumbi huwa na joto la unyevu ambalo mtu wa bara hajalizoea. Saa hizo ndizo anazotaka kuzijaza mahubiri, na hizo ndizo saa ambazo hakuna atakayesikia. Mwambieni kwamba hamumnyang'anyi saa zake nzuri. Mnaomba zile ambazo hali ya hewa imekwisha kumnyang'anya. Ondokeni saa nane na nusu, mrudi kabla ya magharibi, watu waoge, wale, na waingie ibadani wakiwa wametulia.

Kuna sababu nzito zaidi ya hiyo. Kijana ambaye hajapata kuiona bahari, akalazwa siku nne mahali anapousikia uvumi wake usiku kucha, ataifuata. Ataifuata alfajiri, akiwa na wenzake wawili, bila mtu anayejua maji. Yeye hajui kwamba maji yanayopwa yana nguvu ya kumvuta mtu, wala hajui kwamba mahali palipomfika magotini saa nne panaweza kumfika shingoni saa saba. Kufuta ziara hakutamweka kijana huyo mbali na bahari. Kutamweka mbali na watu wazima tu atakapokuwa baharini. Mchungaji akilisikia hili, sidhani kama ataendelea kukataa.

Sasa twende kwenye mahali penyewe. Alhamisi iwe ya mjini, kwa miguu. Nimechagua Alhamisi kwa sababu Ijumaa mchana mji mkongwe unaelekea misikitini, na si adabu kwa kundi kubwa la wageni kupita vichochoroni likiimba wakati majirani wanakwenda kusali au wanatoka kusali. Anzeni katika kanisa dogo la Wareno, lile lenye paa la makuti na makaburi ndani ya ua wake. Francis Xavier, ambaye Wakatoliki humtaja kuwa mmoja wa wamisionari wao wakubwa, alipita Malindi mwaka 1542 akiwa safarini kwenda Goa, na inasimuliwa kwamba alishuka kumzika mtu aliyefia chomboni. Hata kama kanisa lenu si la Kikatoliki, hapo ni mahali ambapo ibada ya maziko ya Kikristo ilifanywa katika pwani hii miaka mia tatu kabla ya mmisionari Krapf kufika Mombasa mwaka 1844. Mwombeni mchungaji mwenyewe azungumze hapo kwa dakika kumi. Mtu aliyekuja akiwa na wasiwasi juu ya ziara hubadilika akipewa nafasi ndani yake.

Kutoka hapo mwendo wa kwenda kwenye nguzo ya Vasco da Gama ni mfupi, na hata wazee wataweza kufika wakipelekwa kwa tuktuk. Nguzo imesimama kwenye mwamba juu ya maji, na msalaba ulio juu yake ni wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno. Hapa nina ombi ambalo naliweka mbele kuliko mengine yote ya siku hiyo. Msiwaache vijana waondoke wakiamini kwamba historia ya Malindi ilianza mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alipotia nanga. Mji huu ulikuwa ukifanya biashara na Bara Hindi, Uarabuni na China kabla hajazaliwa. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifikisha twiga katika baraza la mfalme wa China, na wachoraji wa huko wakawachora twiga wa aina hiyo kwa mshangao. Vasco da Gama alipofika hapa alikuwa ametoka Mombasa ambako mambo hayakumwendea vizuri. Sultani wa Malindi, aliyekuwa na ushindani wake na Mombasa, akampokea na kumpa rubani aliyejua njia ya bahari, na kwa msaada huo akafika Calicut, huko India, mwezi uliofuata. Njia ile haikugunduliwa na mgeni. Alionyeshwa na watu walioizoea. Kijana wa Kenya anayesimama chini ya msalaba ule anastahili kuambiwa hivyo waziwazi, na kuambiwa pia kwamba Wareno waliokuja baadaye walikuja na mizinga.

Wakati wa kurudi, piteni kwenye sanamu ya Mekatilili wa Menza. Wageni wenu wengi wamemsoma shuleni. Mwaka 1913 aliwakusanya Wagiriama wakatae kodi na kazi za kulazimishwa, akakamatwa na kupelekwa Kisii, na akarudi kwao. Ikiwa baadhi ya wageni wenu wanatoka pande za Kisii, watapenda kusikia mama huyo alikopelekwa.

Ijumaa iwe ya Gede, na hapa ndipo penye mzigo wako.

Mzee wenu msimcheke, wala msimshinde kwa kura. Habari za majini ya Gede hakuzitunga yeye. Watu wanaoishi karibu na magofu wamezisimulia kwa vizazi, na hata waliofanya kazi ya kuchimba pale wametaja kwamba hujihisi kama wanaotazamwa. Lakini mweleze kwa utaratibu mahali pale ni nini. Gede ni mji wa Waswahili uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, kilomita zipatazo 15 kusini mwa Malindi, ukastawi hasa katika karne ya 15 na kuachwa na watu wake katika karne ya 17. Una msikiti mkuu, una jumba la kifalme, una nyumba zenye vyoo na visima, una barabara. Kuna kaburi lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kupachimba mwaka 1948, na katika vifusi akapata vyombo vya kauri vya China na shanga za kigeni. Mwaka 2024 UNESCO imepaingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa nini watu walihama, wataalamu wanataja mambo kadhaa, yakiwemo kushuka kwa maji visimani na hofu ya mashambulizi kutoka kaskazini, na ukikitazama kile kisima kirefu kilicho karibu na msikiti mkuu unaelewa kwa nini maji yametajwa. Ule ulikuwa mji wa watu waliozaa, waliosali, walioogopa kiangazi. Mkristo anayo shughuli ya kutosha mahali kama hapo, hata kama shughuli yenyewe ni kukaa kimya na kufikiri.

Mzee akiisha kuelezwa na bado akakataa, aachwe na kukataa kwake kwa heshima. Karibu kabisa na lango la magofu upo mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993, ambako wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza mabuu waliokwisha kujifunga, ili msitu uwe na faida kwao ukiwa umesimama. Yeye na wenzake wasioweza kutembea katika njia za magofu wakae huko. Watakuwa wamekuja pamoja nanyi, na hakuna aliyelazimishwa kuvuka dhamiri yake.

Yule aliyependekeza mwende mkakemee roho ndiye anayenipa wasiwasi zaidi. Mkatalie, na mkatalie mapema, kabla ya basi kuondoka. Ile ni misikiti. Yale ni makaburi ya Waislamu, na majirani zenu Waislamu wanayahesabu kuwa ya wazee wao. Kundi la Wakristo likisimama juu yake likipiga kelele za kukemea, habari hiyo itafika Malindi kabla ya basi lenu, na ninyi ndio mtakaobaki hapa na aibu wakati wageni wamekwisha kurudi bara. Jiulizeni mngejisikiaje kama kundi lingine lingefanya hivyo ndani ya ua wa lile kanisa dogo mliloanzia Alhamisi. Anayetaka kuomba na aombe moyoni. Nguo ziwe za heshima, leso zitoshe kwa akina mama na wasichana, na nyimbo zibaki ndani ya basi. Chukueni mwongozo wa pale pale. Nimewahi kuona makundi yakizunguka kuta zile bila mwongozo na kutoka yakisema kwamba hakuna kitu, wakati yamekanyaga sebule, ghala na choo cha mtu bila kujua. Na mikate na ndizi ziachwe garini, kwa sababu kima wa Gede wamezoea watu na hawaombi ruhusa.

Jumamosi nendeni Mida, kwenye hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na muiache mbuga ya bahari. Najua vijana wanataka boti yenye sakafu ya kioo. Mbuga za bahari za Malindi na Watamu zina sifa yake, zimehifadhiwa tangu mwaka 1968 na ni miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Lakini fikirini msimu. Mvua zikinyesha bara, mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Athi na kisha Galana, hushusha udongo mwingi, na pepo za kaskazi zinapoanza husukuma tope hilo kuja upande wa Malindi. Mnaweza kulipia boti na kutazama maji ya rangi ya chai. Mida haiharibiwi na jambo hilo. Kwa kweli huu ndio msimu wake. Ndege wanaozaana Ulaya na Asia huikimbia baridi ya huko kuanzia Agosti, na kufikia Novemba kingo za hori zimejaa. Yupo ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, ambaye huzaana katika pwani za Uarabuni na kuja kukaa kwetu. Wapo wengine wadogo wa rangi ya mchanga ambao mtoto atawadharau mpaka aambiwe wameruka maelfu ya kilomita kuja kula kwenye matope yale.

Jambo la kupanga hapa ni maji. Yakiwa yamekupwa sana ndege hutawanyika mbali. Yakiwa yamejaa kabisa hawana pa kusimama. Saa nzuri ni pale maji yanapoanza kujaa na kuwasogeza karibu na watazamaji. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa muda unaokaribia saa moja, kwa hiyo waulizeni wavuvi mapema yatakuwaje Jumamosi hiyo. Wakikwambia kwamba Ijumaa ndiyo yenye maji mazuri alasiri, badilisheni na Gede bila kusita, kwa sababu magofu hayana kupwa na kujaa. Pale Mida kuna njia ya mbao inayoning'inia katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Inayumba, kwa hiyo watu wapite wachache wachache na wazee wabaki mwanzoni chini ya kivuli. Kiingilio chake kimekuwa kikisaidia karo za wanafunzi wa sekondari wanaoishi kando ya hori na kando ya msitu, chini ya mpango wa A Rocha Kenya, shirika la Kikristo la kuhifadhi mazingira lenye kituo Watamu. Mchungaji wenu asingepata mfano bora wa Neno linalofanya kazi ya mikono hata angeutafuta nchi nzima. Waandikieni mapema, pengine mtapata mtu wa kuzungumza na vijana.

Na kuoga baharini? Wapeni. Saa moja ya asubuhi ya Ijumaa au Jumamosi, kabla ya mafundisho, mahali mlipochagua pamoja na mvuvi au mwokoaji anayeujua ufuo, mkiwa na watu wazima wanaoweza kuogelea waliosimama ndani ya maji, na pasiwe na mtu anayeingia zaidi ya kiuno. Mkiipanga saa hiyo, ile ahadi ya kujipeleka wenyewe itakufa.

Marafa iacheni mwaka huu. Si kwa sababu ya jina. Wenyeji wanaiita Nyari, na hadithi yao ya familia tajiri iliyooga maziwa huku majirani wakikosa, hata ardhi ikawameza, mchungaji yeyote angeipenda. Iacheni kwa sababu ya mvua. Bonde lile limechongwa na maji katika udongo laini, kuta zake bado zinabomoka, na vijia vyake huteleza. Njia ya kufikia huko nayo si ya kuamini wakati wa vuli ukiwa na basi lililojaa watoto.

Kwa mhazini nina maneno machache. Makumbusho na mbuga zina viwango tofauti kwa raia na kwa wanafunzi, kwa hiyo andikeni barua yenye muhuri wa kanisa mkitaja idadi na umri, mwombe kiwango kinachowafaa. Malipo ya taasisi za serikali siku hizi hufanywa kwa mtandao, basi asije langoni na noti kwenye bahasha. Kwa kuondoa boti, Marafa na basi la siku nzima, ameokoa fedha nyingi kuliko anazolalamikia, na Alhamisi haina gari ila tuktuk za wazee. Chakula kipikwe kambini. Mahamri na madafu njiani yanatosha.

Nimewaweka wazazi mwisho, ingawa kwangu mimi wao ndio wa kwanza kujibiwa. Mwaka 2023 miili ya watu zaidi ya 400, wakiwemo watoto wengi, ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, na waliowapeleka huko waliwapeleka kwa jina la kanisa. Baada ya hayo, mzazi wa Kilifi anayeuliza mtoto wake anapelekwa wapi hapaswi kuambiwa awe na imani. Apewe karatasi. Iandikwe mahali pa kila siku, saa ya kuondoka na saa ya kurudi, watoto watakula nini na saa ngapi, majina ya watu wazima watakaokuwa na kila kikundi, wakiwemo wanawake wawili kwa kila kikundi cha wasichana, na nambari ya simu itakayopokewa usiku. Watoto wasinyang'anywe simu. Mzazi anayetaka kuja mwenyewe siku yoyote, bila kutoa taarifa, apokewe na apewe kiti. Yule aliyekwisha kupiga simu mpigie wewe leo hii, usingoje karatasi ichapishwe.

Kwa mchungaji usitume barua. Mpigie simu, umsomee ratiba ya alasiri tatu, umwambie kwamba dakika kumi za kanisa dogo la Wareno ni zake, na umwombe achague mwenyewe somo la usiku wa Jumamosi baada ya Mida. Fanya hivyo wiki hii, kabla hajamaliza kupanga mahubiri yake.